Wanaoandika 'milima na mabonde' washuke kwanza hadi Kerio

Kwa muda wa miaka kumi na saba ambayo nimekuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi, kwanza katika shule ya upili na baadaye chuoni, hakuna kifungu cha maneno nilichokutana nacho mara nyingi kuliko hiki: "milima na mabonde". Mwanafunzi aliyekosa karo amepanda milima na kushuka mabonde. Mkulima aliyepunjwa bei ya mahindi amepitia milima na mabonde. Hata bwana na bibi arusi hawaruhusiwi kufika kanisani kabla ya kuivuka milima hiyo hiyo na mabonde yayo hayo. Nami, kwa uzembe wa mazoea, nimekuwa nikitia alama ya vema pembeni na kufunua ukurasa unaofuata, kana kwamba mwandishi amesema jambo.

Mwezi wa Juni mwaka jana, nilipitia mlima na bonde halisi nikiwa juu ya baiskeli. Nilirudi na kovu gotini na aibu kidogo moyoni, na tangu siku hiyo kalamu yangu nyekundu haijatulia.

Aliyenialika ni kijana niliyemfundisha isimu chuoni, ambaye sasa anafundisha Kiswahili na Jiografia katika shule moja ya upili ukingoni mwa Bonde la Kerio. Ni mwendeshaji hodari wa baiskeli, na kila Jumamosi hushuka bondeni na kupanda tena kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Aliniandikia hivi: "Daktari, ulitufundisha maneno ya mahali. Njoo basi uone mahali penyewe." Mwalimu akialikwa na mwanafunzi wake kwa maneno kama hayo, hawezi kukataa bila kujivunjia heshima.

Njia yenyewe ni barabara ya lami inayotoka Iten hadi Kabarnet. Iten, mji ambao umeipatia dunia wanariadha wengi wa mbio ndefu, umekaa kwenye kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka mjini hapo kuelekea mashariki, ardhi hukatika ghafla. Ule ni ukuta wa Elgeyo, upande wa magharibi wa Bonde la Kerio, ambalo ni tawi la Bonde la Ufa. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyezuru sehemu za Baringo mwaka wa 1893, ndiye aliyelieneza jina la Bonde Kuu la Ufa kwa kitabu chake cha mwaka wa 1896. Alieleza kwamba bonde hili halikuchongwa na mto, bali ni ardhi iliyodidimia baina ya nyufa mbili. Mto Kerio ulikuja baadaye, ukaipata njia iliyokwisha kuandaliwa, na hadi leo unaifuata kuelekea kaskazini mpaka Ziwa Turkana.

Barabara hushuka kwa kona nyingi, ikapita Tambach, mji mdogo ulioning'inia ubavuni mwa ukuta huo na ambao zamani za ukoloni ulikuwa makao makuu ya wilaya. Chini kabisa kuna Biretwo, kisha tambarare yenye miti ya miiba, kisha daraja la korongo la Chebloch ambapo mto umejipenyeza kati ya kuta za mawe. Hapo umebaki na kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,000 tu. Ukivuka, unaanza kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Kwa kifupi, unapoteza zaidi ya kilomita moja ya kimo, kisha unatakiwa uirejeshe sehemu yake kubwa kwa nguvu za miguu yako mwenyewe.

Kabla sijaeleza yaliyonifika, yanibidi nikiri jambo. Nilikuwa sijapanda baiskeli kwa karibu miaka arobaini.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika sehemu za Butere, na alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, ile ambayo watu wengi nchini huiita Black Mamba. Mimi nilikuwa abiria wake wa kila siku, nimekaa kwenye karia na mikoba yetu miwili mapajani. Mwaka wa 1986, nikiwa na umri wa miaka saba, tulikuwa tukiteremka kuelekea mto Yala asubuhi ya mvua. Breki ya nyuma ilikatika. Baba akaishika ya mbele kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele lilisimama, lakini sisi hatukusimama. Mimi nilitua juu ya majani. Baba alitua juu ya mawe, na mguu wake wa kulia haukupona sawasawa hadi alipofariki. Tangu siku hiyo aliniachia sheria mbili. Ya kwanza: usiiguse breki ya mbele kamwe. Ya pili: kila alipofika kwenye mteremko, aligeuza kichwa na kusema neno moja, "Shuka!" Nasi tulishuka, tukaikokota baiskeli mpaka chini.

Nilimweleza mwenyeji wangu habari hizi pale Iten, alfajiri, huku akizikagua nyaya za breki na kuubonyeza mnyororo kwa kidole. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Pole sana, Mwalimu. Lakini leo utazitumia zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu. Iguse polepole, urudi nyuma kwenye kiti, uipunguze kasi kabla ya kona wala si ndani ya kona. Uachie, ushike, uachie tena."

Akanipigia hesabu ambayo walimu wa Fizikia wataifurahia. Mtu na baiskeli yake wenye uzani wa kilo 90 wakishuka mita 1,300, nishati inayoachiliwa ni zaidi ya juli milioni moja. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita tatu za maji ya kawaida mpaka yatokote. Sehemu yake humezwa na upepo. Inayosalia huishia kwenye raba za breki na rimu za magurudumu. Anayeshika breki moja bila kuiachia huwa amewasha jiko chini ya tairi lake.

Niliitikia kwa kichwa. Mwanachuoni huitikia kwa kichwa hata pale ambapo hajakubali.

Tuliondoka jua likichomoza, na bonde lote likiwa limejaa ukungu kama bakuli la uji. Mwenyeji wangu alitangulia, akapotea kwenye kona ya kwanza. Mimi nilifuata nikiwa na sheria ya marehemu baba mkononi. Breki ya mbele sikuigusa. Ya nyuma niliikamata kama mtu aliyekamata mkia wa ng'ombe anayezama mtoni, na sikuiachia. Kilomita ya kwanza ilipita, na ya pili, na ya tatu. Nilianza kunusa raba inayoungua. Nilidhani ni lori lililotupita. Karibu na Tambach, palipo na kona kali ya kuelekea kushoto, ulisikika mlio kama wa risasi. Rimu ilikuwa imepata moto, na tiubu ya nyuma ilikuwa imepasuka.

Sikuanguka kwa kishindo kama baba. Niliburuzika tu, goti likilamba lami, mpaka nikasimama hatua chache kutoka kwenye ukingo usio na kizuizi cho chote. Upande wa pili wa ukingo huo hapakuwa na kitu isipokuwa hewa na vilele vya miti. Matatu iliyokuwa ikipanda ilinikwepa kwa upana wa kiganja. Laiti ingekuwa imechelewa au kuwahi kwa sekunde moja, safu hii ingeandikwa na mtu mwingine leo, nayo ingekuwa tanzia.

Mwenyeji wangu alirudi akihema. Hakunilaumu. Aliimimina chupa yake ya maji juu ya goti langu, akaanza kubadilisha tiubu. Nilipokuwa nimeketi pale juu ya jiwe nikitetemeka, niliwaza hivi. Sheria ya baba haikuwa ya uongo. Aliilipia kwa mguu wake. Ilikuwa kweli kabisa juu ya mteremko mmoja, asubuhi moja ya mvua, breki moja ikiwa imekatika. Lakini mimi niliipokea bila mteremko wake, bila mvua yake, na bila breki yake iliyokatika, nikaibeba miaka arobaini na kuitumia mahali ambapo nusura iniue. Je, si hivyo hivyo tunavyowapa watoto "milima na mabonde"? Yuko mtu, mahali fulani, ambaye aliyatamka maneno hayo mara ya kwanza akiwa na vumbi miguuni. Kwake yalikuwa na uzito. Sisi tumeyarithi maneno, mlima tumeuacha huko huko.

Tuliendelea, safari hii nikizitumia breki zote mbili kama nilivyoelekezwa, tukipumzika kila baada ya kona kadhaa ili rimu zipoe. Joto lilipanda kadiri tulivyoshuka. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazoshuka, na mwili huihisi tofauti hiyo kabla ya akili kuikokotoa. Iten nilivaa sweta. Biretwo nilitamani kuvua hata shati.

Wenyeji wana maneno yao kwa mambo haya. Katika lugha za Kikalenjin, nyanda za juu zenye baridi huitwa mosop, na nyanda za chini zenye joto huitwa soi. Maneno hayo hayataji kimo peke yake. Anayesema mosop amekutajia pia baridi, mvua na mashamba. Anayesema soi amekutajia mbuzi, asali na ukame. Wanajiografia huhitaji ramani yenye rangi tatu ili kusema yale ambayo bibi kizee wa Tambach huyasema kwa neno moja.

Na Kiswahili chetu je? Wako wanaodai kuwa lugha hii, kwa kuwa ilikulia pwani, ni maskini wa msamiati wa milima. Madai hayo hayana mashiko. Tunao mwinuko na mteremko, kilele na ukingo, genge na poromoko, jabali na korongo. Lakini jambo lililonishangaza siku ile ni maneno mawili mepesi ambayo mtoto wa chekechea anayajua: panda na shuka. Mtu hupanda baiskeli, na mtu hupanda mlima. Mtu hushuka kwenye baiskeli, na mtu hushuka mlima. Sasa tazama linalotokea. Baba aliposema "Shuka!" alikuwa na maana kwamba nisishuke mteremko nikiwa juu ya karia, bali nishuke kwenye karia ili tuushuke mteremko kwa miguu. Neno moja lilikuwa amri na lilikuwa pia onyo dhidi ya amri hiyo hiyo. Nimefundisha polisemia kwa miaka mingi kwa mifano ya kaa, paa na mbuzi, huku mfano ulio hai kuliko yote ukiwa umelala katika kumbukumbu yangu mwenyewe.

Kutoka daraja la Chebloch, mambo yaligeuka. Barabara ilianza kupanda, jua lilikuwa utosini, na goti lilikuwa limeanza kuvimba. Mwinuko wa asilimia nane, yaani mita nane juu kwa kila mita mia moja mbele, unapousoma kitabuni ni tarakimu tu. Ukiwa juu ya pedali, ni mzozo kati yako na nafsi yako. Niliiweka gia ya chini kabisa, nikanyonga, nikanyonga, mwishowe mapaja yakagoma. Nikashuka, nikaanza kuikokota.

Wanafunzi wawili wa shule ya msingi waliokuwa wakirejea nyumbani walinifikia. Wao walikuwa na baiskeli moja, kubwa kuwaliko, isiyo na raba za breki hata moja. Waliniangalia kwa huruma. Yule mdogo akauliza, "Shikamoo mzee. Mbona unapanda kama umeshuka?"

Msomaji, nimeshiriki makongamano mengi ya isimu, lakini sijawahi kusikia sentensi iliyoyapanga maneno hayo mawili vizuri namna hiyo. Nilicheka hadi nikasahau goti. Milima ile ya Tugen ndiyo ambamo mwaka wa 2000 yaligunduliwa mabaki ya kiumbe aliyepewa jina la Orrorin tugenensis, aliyeishi miaka ipatayo milioni sita iliyopita, na ambaye wataalamu waliomgundua wanasema alitembea kwa miguu miwili. Nilijifariji kuwa kupanda mlima huo kwa miguu miwili si jambo la kuonea haya; lina historia ndefu.

Lakini niliwauliza watoto wale wanasimamaje wakiteremka. Mkubwa alinyanyua mguu na kunionyesha kandambili iliyolika upande mmoja. Huisugua kwenye tairi la nyuma. Hiyo ndiyo breki. Cheko langu liliishia hapo.

Kwa hivyo naomba niseme wazi kwa wanaopanga barabara zetu. Nchi hii imetoa mwendeshaji kama Suleiman Kangangi, aliyefariki mwaka wa 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Imetoa mkufunzi kama David Kinjah, ambaye alimlea katika mchezo huu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kutwaa ubingwa wa Tour de France mara nne. Hata hivyo, wengi wanaopanda baiskeli miinukoni kwetu hawafanyi mashindano. Wanakwenda shuleni, sokoni na kisimani. Kando la barabara lenye upana wa mita moja na nusu, na kizuizi kwenye kona za magenge, si anasa ya watalii. Na kwa walimu wakuu wa shule za miinukoni: jozi ya raba za breki haizidi bei ya vitabu vichache vya mazoezi. Zikaguliwe kila mwanzo wa muhula kama tunavyokagua kucha na sare.

Jumatatu iliyofuata, mwenyeji wangu aliniomba nizungumze na wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Nilichechemea hadi mbele ya darasa, nikawaambia waandike insha fupi kuhusu njia wanayoifuata kwenda nyumbani, kwa sharti moja: asitumie mtu neno lo lote ambalo hajaligusa kwa mguu wake. Kwa dakika kumi za mwanzo hapakusikika kalamu. Walikuwa kama watu walionyang'anywa fimbo. Kisha wakaanza.

Msichana mmoja aliandika kwamba njia ya kwao haipimwi kwa kilomita. Bibi yake huipima kwa mtungi wa maji: mtungi hupumzika mara nne kabla ya kufika nyumbani, na wakati wa kiangazi hupumzika mara sita. Aliyataja mawe manne ya kuutulia mtungi huo, kila moja kwa jina lake. Insha haikuwa na methali hata moja, wala tashbihi ya kukariri. Niliisoma mara mbili, nikampa alama za juu kabisa.

Jioni nilimwonyesha mwenyeji wangu. Aliisoma kimya, kisha akanirudishia. "Ni nzuri sana, Daktari," alisema. "Lakini wewe utarudi chuoni kesho, nami nitabaki na msichana huyu na mtihani wake. Mtahini anayesahihisha mamia ya karatasi hutafuta methali na mapambo ya lugha. Akiyakosa, mawe manne ya mtungi yatamsaidia nini mtoto wa watu?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sitajifanya kuwa nalo sasa. Methali ni hazina yetu, nami sitaki mwalimu ye yote asome safu hii na kuzipiga marufuku darasani. Lakini najua kuwa miongoni mwa watahini hao wamo wanafunzi wangu wa zamani, na kwamba mimi ndiye niliyewazoesha kutia vema pembeni. Nawaomba, na najiomba mimi mwenyewe, kwamba tukikutana tena na "milima na mabonde", tuandike swali moja kwa wino mwekundu: mlima upi? Na tukikutana na mtoto aliyeutaja mlima wake kwa jina, tusimkate alama kwa kuwa hakuuvisha kanzu.

Nanyi wanafunzi, msiyatupe maneno mliyorithi. Yakagueni tu kabla ya kuyategemea, kama unavyobonyeza breki kabla ya mteremko. Sheria ya baba yangu bado naiheshimu. Ile ya pili hasa. Tulipokuwa tukirudi Iten siku ya pili, tuliipakia baiskeli yangu kwenye keria ya matatu. Tulipofika kwenye kona ile ya Tambach, nilimwomba dereva asimame kidogo. Abiria walinung'unika. Nikashuka.